Kichocheo Chako Kitadumu Saa Ngapi?

Hotuba kuhusu kuzalisha hidrojeni kutokana na mabaki ya chakula

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wahandisi, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kwamba leo takataka zitageuzwa mafuta ya gari, asanteni kwa kufika.

Nianze na jibu, ili asiye na muda aweze kuondoka kwa amani. Ndiyo, inawezekana. Mabaki ya chakula yana hidrojeni, na vichocheo vya kuitoa, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kuisha, vipo. Kemia yake imeandikwa kwenye majarida ya kisayansi kwa zaidi ya miaka 40. Mwanafunzi mwenye chombo kinachohimili shinikizo na gramu chache za kichocheo anaweza kuipata hidrojeni hiyo kabla ya chakula cha mchana. Kilichobaki kueleza ni kwa nini, pamoja na yote hayo, hamjazungukwa na mitambo ya namna hiyo. Sababu si ukosefu wa vichocheo, bali muda vinaodumu.

Hidrojeni yenyewe kwanza. Watu huizungumzia kama mgeni ambaye bado yuko njiani, kumbe amekaa nasi muda mrefu. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2023 dunia ilitumia takriban tani milioni 97 za hidrojeni. Sehemu kubwa kabisa haikuingia kwenye gari lolote. Ilikwenda kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, na kwenye viwanda vya kemikali, hasa vinavyotengeneza amonia ya mbolea. Na karibu yote ilitokana na nishati za kisukuku, hasa gesi asilia na makaa ya mawe. Iliyozalishwa kwa njia zenye uchafuzi mdogo haikufika asilimia moja. Ukiipata hidrojeni kwa kupitisha mvuke kwenye gesi asilia, kila kilo moja inaacha nyuma yake kilo 9 hadi 10 za hewa ya ukaa. Kwenye seli ya fueli, kifaa kinachogeuza hidrojeni kuwa umeme, hidrojeni hutoa maji tu, hilo ni kweli, lakini usafi wake unapimwa pale ilikozalishwa.

Upande wa pili kuna taka. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula majumbani, madukani na kwenye sehemu zinazouza chakula. Ni karibu moja ya tano ya chakula chote kilichowafikia walaji, na asilimia 60 ya taka hizo ilitoka majumbani. Ndani ya hesabu hiyo yamo maganda na mifupa, kwa hiyo si yote yangeweza kuliwa. Yakifukiwa dampo pasipo hewa, mabaki hayo huoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 20 hupasha joto dunia takriban mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Wazo la kuchukua kitu kinachotudhuru kikioza na kukigeuza kuwa kitu tunachokitengeneza kwa gesi asilia si wazo la kubeza. Mimi silibezi. Nimelifuata mwenyewe kwa miaka mingi, na nitaendelea.

Sasa kalamu na karatasi. Chakula kina mambo mengi ndani yake, lakini tuchukue glukosi, ile sukari ambayo wanga wote hurejea kuwa ukiuvunjavunja. Gramu 180 za glukosi zikikutana na gramu 108 za maji, na kila kitu kikienda kama kilivyopangwa, unapata gramu 264 za hewa ya ukaa na gramu 24 za hidrojeni. Tazameni kitu kimoja hapo. Molekuli moja ya glukosi ina atomi 12 za hidrojeni. Maji yanayoshiriki, molekuli sita, yana nyingine 12. Maana yake, nusu kamili ya hidrojeni tunayovuna imetoka kwenye maji. Chakula kimefanya kazi ya kuyapokonya maji oksijeni yake. Kwa hiyo mtu anayeona unyevu wa taka kama uchafu wa kuondolewa anatupa nusu ya malighafi.

Unyevu huo ni mwingi. Mabaki ya jikoni huwa na maji asilimia 70 hadi 80. Tuseme 75. Katika tani moja, kilo 750 ni maji na kilo 250 ni kitu kikavu. Tufanye, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kitu kikavu chote ni glukosi. Upeo wetu ni kilo 33 za hidrojeni kwa tani, zenye nishati kama kilowati-saa 1,100. Akitokea mtu akasema tuyakaushe kwanza ndipo tuyapeleke kwenye tanuri, mwambieni apige hesabu: kuyapasha moto maji yale hadi yachemke na yote yawe mvuke kunahitaji kilowati-saa zipatazo 540. Nusu ya mavuno ambayo hatujavuna imeshatumika kukausha. Tanuri za kugeuza vitu vikavu kuwa gesi zinafaa kwa vumbi la mbao, mabua na makapi. Kwa sufuria la mchuzi uliochacha, hapana.

Basi tubaki majini, na hapo ndipo kichocheo kinapoingia.

Kichocheo ni mshenga. Anazikutanisha pande mbili ambazo zingekaa zikitazamana milele, analegeza masharti magumu, na ndoa ikishafungwa anaondoka kama alivyokuja, tayari kwa posa nyingine. Ila hawezi kufungisha ndoa ambayo sheria haiiruhusu. Kichocheo hakibadilishi kile ambacho nishati imekiruhusu. Kinabadilisha kasi, na pale penye njia nyingi, kinachagua njia. Jambo hili lilionekana mapema, tena kwa hidrojeni yenyewe. Mwaka 1823 Mjerumani Johann Döbereiner alielekeza mkondo wa hidrojeni kwenye platini yenye vinyweleo, gesi ikawaka yenyewe hewani bila kiberiti, naye akatengeneza taa ya kuwashia moto kwa mtindo huo. Ilikuwa miaka 12 baadaye ndipo Berzelius wa Sweden alipolipa jambo hilo jina lake.

Neno la kushika ni hilo la kuchagua njia. Wasikilizaji wengi hudhani kichocheo kizuri ni kile chenye nguvu. Nguvu ni jambo la pili.

Molekuli ya sukari ina vifungo vya aina mbili vinavyotuhusu: kile cha kaboni na kaboni, na kile cha kaboni na oksijeni. Kichocheo kikikata cha kwanza, kila kaboni inabaki imeshikilia oksijeni yake. Inatoka juu ya uso wa metali ikiwa kaboni monoksaidi, na hidrojeni iliyokuwa nayo inaachiliwa. Kisha kaboni monoksaidi hiyo inakutana na maji, inayanyang'anya oksijeni, inakuwa hewa ya ukaa, na maji yanaachia hidrojeni yao. Huo ndio mpango tunaoutaka. Kichocheo kikikata kifungo cha pili, oksijeni inaondoka, na hidrojeni tuliyoihangaikia inarudi kujaza nafasi iliyoachwa. Unaishia na gesi nyepesi za jamii ya methani. Zinaungua vizuri, lakini sizo tulizozifuata.

Halafu ipo njia ya tatu, na hii ndiyo inayowanyima usingizi watu wa fani yangu. Kaboni monoksaidi na hewa ya ukaa zilizokwisha kupatikana zinaweza kugeuka, zikaikamata hidrojeni na kuwa methani na maji. Kwenye joto la nyuzi 230 hivi, nishati inaipendelea methani kabisa. Ukiuacha mchanganyiko juu ya kichocheo kwa muda wa kutosha, utafika huko. Kwa hiyo tunahitaji kichocheo chepesi mno kwenye hatua moja na kivivu mno kwenye hatua inayofuata, wakati hatua zote mbili zinafanyika juu ya uso uleule, kwa sekunde zilezile.

Mwaka 2002 kundi la James Dumesic la Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, lilionyesha katika jarida la Nature kwamba uteuzi huo unawezekana ndani ya maji ambayo bado ni kimiminika. Walitumia platini iliyotandazwa juu ya alumina, yaani oksidi ya alumini, kwenye nyuzi 225 hadi 265, chini ya shinikizo linaloyazuia maji yasigeuke mvuke wote. Methanoli na ethilini glikoli, molekuli ndogo za jamii ya alkoholi, zilitoa hidrojeni kwa uteuzi wa hali ya juu. Kadiri molekuli ilivyokuwa kubwa, uteuzi ulishuka, na glukosi ndiyo iliyowasumbua zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba glukosi kwenye maji ya moto haimsubiri mshenga. Inaanza kuvunjika na kugandamana yenyewe, inageuka mabaki meusi kama lami kabla haijafika kwenye metali. Ndiyo maana jaribio lilifanywa kwa myeyusho mwepesi sana, wenye asilimia moja tu ya kitu chenyewe. Likumbukeni hilo kila mnaposikia habari za mafanikio, maana mabaki ya chakula yana asilimia 25.

Mwaka uliofuata, kundi hilohilo lilichapisha katika jarida la Science kwamba nikeli iliyotiwa bati kidogo inakaribia kazi ya platini. Nikeli peke yake ni hodari wa kukata kaboni na kaboni, lakini ni hodari pia wa kutengeneza methani. Bati linakalia zile sehemu za uso wa nikeli ambapo methani huzaliwa, na kuziacha nyingine zifanye kazi. Mimi naona hii ni moja ya kazi nzuri kabisa katika fani nzima: metali ya kawaida, marekebisho madogo, na sababu inayoeleweka. Kuna mtindo sasa wa kuchanganya metali tano kwenye unga mmoja na kutoa jedwali la matokeo lisilo na maelezo. Sitasema zaidi, wengine mko humu.

Ipo njia nyingine ya majini, kali zaidi. Maji yakivuka nyuzi 374 na shinikizo la zaidi ya mara 218 ya lile la hewa tunayoivuta, mpaka kati ya kimiminika na mvuke unatoweka. Maji ya hali hiyo yana tabia za ajabu. Mafuta yanayeyuka ndani yake. Gesi zinachanganyika nayo bila kizuizi. Joto uliloyapa unaweza kulirudisha kwa kuyapitisha yanayotoka ubavuni mwa yanayoingia, ndiyo maana hesabu yetu ya kukausha haina nguvu hapa. Weka metali kama ruteni au nikeli, au hata mkaa uliochochewa, yaani uliotengenezwa uwe na vinyweleo vingi, kama walivyofanya Michael Antal na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii miaka ya 1990, panda hadi nyuzi 600 au zaidi, na chakula chote kinasambaratika kuwa gesi kwa muda mfupi sana. Kwenye nyuzi 400 utapata methani nyingi, ukipanda juu hidrojeni inashinda.

Njia hii inavutia kwenye michoro. Lakini maji yanayoyeyusha mafuta yamepoteza uwezo wa kuyeyusha chumvi. Na chakula kina chumvi. Inaganda papo hapo ndani ya bomba, inaziba, na pale isipoziba inakula chuma. Mitambo kadhaa ya majaribio imesimamishwa na chumvi, si na ukosefu wa kichocheo.

Hapo ndipo tumefikia kiini, na naomba nikae hapa kidogo.

Kwenye maabara tunasema "taka za chakula" halafu tunaweka glukosi safi kutoka kwenye chupa. Taka halisi zina protini. Protini zina asidi amino mbili, sisteini na methionini, zilizobeba salfa. Salfa hiyo inatoka ikiwa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai bovu, na kwa nikeli ni sumu. Haihitaji kuwa nyingi. Sehemu chache katika milioni zinatosha kukalia uso wa nikeli, na ikishakaa haiondoki kirahisi. Taka halisi zina chumvi ya mezani, yenye kloraidi inayoshambulia chuma cha mtambo na kuzifanya chembe ndogo za metali ziungane na kuwa kubwa. Chembe kubwa ina uso mdogo kwa uzito wake, na kazi yote hufanyika juu ya uso. Taka halisi zina mafuta. Kwenye karatasi kilo moja ya mafuta ya kula inatoa hidrojeni zaidi ya mara mbili ya kilo ya sukari, na ndiyo maana huonekana kama hazina. Juu ya kichocheo, mafuta hayo hayo huacha tabaka la kaboni, masizi magumu yanayofunika metali. Unaweza kuyachoma masizi kwa kupitisha hewa ya moto, lakini moto huo nao unaziunganisha chembe za metali. Kila usafishaji una gharama yake kwa kile unachokisafisha.

Na taka halisi huchacha. Ukiziacha siku mbili zinajaa asidi ya laktiki na asidi ya siki. Maji ya moto yenye asidi yanaiyeyusha nikeli kidogokidogo, ikaondoka na maji machafu. Hapo umepoteza kichocheo, na umepata maji yenye metali nzito ambayo hakuna mamlaka makini itakayokuruhusu kuyamwaga. Hata kile kitako cha alumina ambacho platini imetandazwa juu yake hakiko salama. Kwenye maji ya zaidi ya nyuzi 200 kinabadilika polepole kuwa madini mengine, boemaiti, vinyweleo vyake vinaporomoka, na metali iliyokuwa ndani inafukiwa. Ndiyo maana siku hizi tunatumia zaidi vitako vya kaboni, zirkonia au titania, yaani oksidi za zirkoni na titani.

Kwa hiyo swali langu kwa kila kazi mpya si "umetoa hidrojeni kiasi gani kwa gramu?" Ni hili: kichocheo chako kitadumu saa ngapi, kikilishwa nini? Majaribio mengi hufanyika kwenye chombo kilichofungwa, kwa nusu saa au saa moja, kwa kichocheo kipya kilichotoka kutengenezwa asubuhi hiyo. Kichocheo kinachouawa na sumu ndani ya saa kumi kitaonekana shujaa katika jaribio la saa moja. Mwaka mmoja una saa 8,760, na viwanda vinavyotengeneza hidrojeni kwa gesi asilia hutegemea kichocheo chao cha nikeli kikae miaka kadhaa kabla ya kukibadilisha. Viwanda hivyo vinafanikiwa kwa sababu vinaisafisha gesi dhidi ya salfa kabla haijaigusa nikeli. Wao walikubali zamani kwamba kazi ya usafi hutangulia kazi ya kichocheo. Sisi wa taka za chakula bado tunatafuta kichocheo kitakachovumilia kila kitu, na kwa maoni yangu tunakitafuta mahali ambapo hakipo.

Wapo wafanya usafi wa bure: bakteria.

Bakteria wanaoishi bila hewa wanaweza kutoa hidrojeni moja kwa moja kutoka kwenye wanga, kwenye giza, kwa joto la kawaida tu. Hawajali chumvi kidogo, hawajali kuchacha. Lakini wao nao wanataka kuishi, na kwa kila molekuli ya glukosi hawawezi kukupa zaidi ya molekuli nne za hidrojeni, kati ya zile 12 za kwenye karatasi. Zilizobaki wanazifungia kwenye asidi ya siki na ndugu zake. Kwa kawaida hawafikii hata hizo nne. Mbaya zaidi, wanaambatana na viumbe wengine wanaoila hidrojeni hiyo na kutoa methani, na ukiacha mlango wazi hao ndio wanaotawala.

Wengi wamejaribu kuwafukuza hao wa methani. Mimi nasema, waacheni. Mtambo wa bayogesi, unaowatumia haohao, ni teknolojia iliyokomaa. Unakula taka zenye maji, chumvi na mafuta, kila siku, kwa miaka. Unatoa gesi yenye methani asilimia 50 hadi 65, nyingine karibu yote ikiwa hewa ya ukaa. Salfa inatoka nayo ikiwa gesi, na salfa iliyo katika gesi ni rahisi kuishika: unaipitisha kwenye oksidi ya chuma au mkaa uliochochewa. Chumvi inabaki kwenye tope. Masizi hakuna. Kile kinachofika kwenye kichocheo cha nikeli ni methani, mvuke na hewa ya ukaa, vitu ambavyo nikeli imevizoea kwa karibu karne nzima, na hapo methani na mvuke hutoa hidrojeni kama ilivyo kwa gesi asilia. Matatizo yote niliyoyataja dakika tano zilizopita yamebaki upande wa pili wa ukuta.

Najua kuna atakayenyoosha mkono: kama nimeshapata methani, kwa nini nisiichome tu? Swali halali. Kama unachotaka ni joto la kupikia au umeme, ichome, usijisumbue na hidrojeni, maana kila hatua unayoiongeza inakula nishati. Hidrojeni ina maana pale inapotakiwa kama kemikali. Amonia ya mbolea haitengenezwi kwa joto, inatengenezwa kwa hidrojeni na nitrojeni. Palipo na kiwanda kinachotumia hidrojeni ya gesi asilia, kuiondoa ile na kuingiza ya taka ni faida ya wazi. Na ile hewa ya ukaa inayotoka ikiwa imejikusanya sehemu moja, ukiishika na kuifukia ardhini, unakuwa umeitoa angani, kwa sababu mimea ndiyo iliyoichukua huko.

Niwape mapumziko mafupi na kitu ninachokipenda. Ganda la yai ni kalisiamu kaboneti kwa asilimia 95 hivi. Lichome hadi nyuzi 900, linabaki kuwa chokaa. Chokaa hiyo ukiiweka ndani ya mtambo kwenye nyuzi 600 na kidogo, inaimeza hewa ya ukaa inayozalishwa, na kwa kuwa zao moja linaondolewa, mmenyuko mzima unasukumwa mbele kuelekea hidrojeni zaidi. Taka inaisaidia taka. Uzuri huo usiwapumbaze, maana chokaa inachoka. Kila ikichomwa upya inameza kidogo kuliko mara iliyopita. Saa ngapi, narudia.

Jua nalo nilitaje kwa heshima. Fujishima na Honda wa Japani walionyesha mwaka 1972 kwamba titania ikipigwa na mwanga inaweza kuyavunja maji. Mwaka 1980 Kawai na Sakata, Wajapani pia, wakaonyesha katika Nature kwamba ukiweka wanga majini kazi inakuwa rahisi, kwa sababu hatua ngumu ya kutoa oksijeni kwenye maji inapumzishwa na chakula kinachukua nafasi yake. Kundi la Erwin Reisner kule Cambridge limeendeleza njia hii kwa mimea, plastiki na hata mabaki ya chakula. Haihitaji tanuri wala shinikizo. Kasi yake bado ni ndogo mno kwa mtambo wa jiji, na mchuzi mzito hauruhusu mwanga kupita. Ni kazi ya vijana, nawaachia.

Usafi wa mwisho nao una sheria zake. Hidrojeni ya magari, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 14687, inatakiwa iwe safi kwa asilimia 99.97, na kaboni monoksaidi isizidi sehemu 0.2 katika milioni, kwa sababu platini iliyomo ndani ya seli ya fueli nayo hupata sumu. Kuchuja hadi hapo kunawezekana, viwanda hufanya kila siku, lakini mtambo mdogo wa kuchuja haupungui gharama kwa kadiri unavyopungua ukubwa. Ndiyo sababu ya pili ya kupendelea kiwanda cha mbolea kuliko kituo cha magari.

Mwisho kuna ukubwa wa jambo lenyewe. Tuzichukue tani zote bilioni 1.05 zilizotupwa mwaka 2022, tusiache hata ganda moja. Tuzipe kile kiwango cha juu kabisa cha kilo 33 kwa tani. Tunapata tani milioni 35 za hidrojeni, kama theluthi moja ya inayotumika leo. Hiyo ni kwa kukusanya kila kitu na kutopoteza chochote, mambo mawili ambayo hayatatokea. Anayewaambia kwamba taka za chakula zitaendesha uchumi wa hidrojeni wa dunia hajazidisha namba mbili. Na ikiwa chakula kinaweza kuliwa na mtu, kiliwe. Kikishindikana, kiliwe na mifugo. Hakuna kichocheo kitakachorudisha maji, mbolea na jasho vilivyotumika kukiotesha. Tunaongea juu ya kile kinachobaki baada ya hapo, nacho bado ni kingi kwa sehemu yenye taka za kuaminika, zilizotenganishwa tangu jikoni, na mnunuzi wa hidrojeni jirani.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada, ombi langu ni la kiofisi kabisa. Mkichapisha, andikeni taka zenu zilikuwa na sodiamu, kloraidi na salfa kiasi gani. Andikeni kichocheo kilifanya kazi saa ngapi mfululizo, na metali kiasi gani ilikutwa kwenye maji yaliyotoka. Kama jaribio lilikuwa la saa moja, semeni saa moja, hakuna aibu. Jedwali lenye namba hizo tano lina thamani kwangu kuliko picha 20 za darubini.

Mwenyekiti amenipa karatasi za maswali. La kwanza linauliza: tope linalobaki kwenye mtambo wa bayogesi lina kazi gani? Lina nitrojeni na fosforasi karibu yote iliyokuwamo kwenye chakula, kwa sababu bakteria waliondoka hasa na kaboni. Linaweza kurudi shambani, mradi taka zilitenganishwa vizuri na hazikuwa na plastiki wala metali. Na hapo mtaona faida nyingine ya kuweka nikeli nje, upande wa gesi, badala ya kuitumbukiza kwenye supu: tope lililoguswa na nikeli huwezi kulipeleka shambani.

La pili mwandiko umenishinda. Mwenye nalo asimame aulize.